Mtoto Asiye na Gauni Jeupe Naye Ameitwa Mezani
(Hotuba ya kamati ya katekesi ya watoto)

 

Tumeombwa tueleze kazi ya kutayarisha watoto kwa komunyo ya kwanza. Wengi wetu katika kamati hii tulivushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1996, tukiwa mgongoni mwa mama zetu, vita vilipoingia Kivu ya Kusini. Sala tulijifunza hapa kambini, chini ya turubai. Leo tuko mbele ya watoto kama wale tuliokuwa sisi. Siku za juma tunawafundisha hesabu na kusoma. Jumamosi tunawafundisha imani.

Shida ya kwanza ni vyeti vya ubatizo. Mtu anayekimbia risasi hakumbuki karatasi. Zamani tulimwambia mzazi, "Lete cheti," naye akarudi nyumbani kimya. Baadaye paroko alitusomea Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 876: pasipo kumdhuru mtu yeyote, shahidi mmoja wa kuaminika anatosha kuthibitisha ubatizo. Tangu hapo tunauliza kwanza katika jumuiya ndogo ndogo. Bibi mmoja alisimama akasema, "Mtoto huyu nilimshika mimi mwenyewe. Alilia mpaka padre akacheka." Tuliliandika jina lake, na la shahidi pia. Ikiwa uchunguzi umefanyika na shaka bado ipo, mtoto hubatizwa kwa sharti.

Shida ya pili ni umri. Mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi aliagiza watoto wapokee wanapofikia umri wa kutambua, yaani karibu miaka saba, wala wasicheleweshwe kwa kudaiwa elimu kubwa. Lakini tunao watoto wa miaka kumi na mitatu ambao masomo yao yalikatika njiani, hawajui kusoma. Je, tuwafukuze? Hapana. Hao tunawafundisha kwa mdomo, kwa nyimbo na kwa mifano. Kitu kikubwa ni mtoto ajue kwamba mkate ule si chakula cha kawaida, na ajue kuungama na kusamehe. Tunawaambia: siku ya mgao wa chakula watu huhesabiwa kwa kadi, lakini mezani kwa Bwana hakuna anayeulizwa ukubwa wa familia yake. Hapo wanaelewa upesi, kwa sababu foleni wanaijua.

Shida ya tatu, ndugu, tuliileta sisi wenyewe. Tunaisema hapa kwa aibu. Mwaka mmoja tulitangaza kwamba kila mtoto avae nguo nyeupe na viatu. Tulidhani tunaipa siku ile heshima. Mama mmoja aliuza nusu ya unga wake, na watoto wake wakala mara moja kwa siku hadi mgao mwingine. Na asubuhi ya sikukuu msichana mmoja, aliyekuwa akijibu maswali yote, hakuonekana. Tuliambiwa ni mgonjwa. Misa ilipokwisha tulimkuta bombani na dumu lake. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa na gauni.

Mwalimu anapomfukuza mtoto darasani, angalau mtoto anajua amefukuzwa. Sisi tulimfukuza huyu bila kumwambia neno. Jumapili iliyofuata alipokea akiwa na sare yake ya shule, imefuliwa vizuri, naye akaimba kuliko wote.

Ndipo tulipoamua: watoto wote wavae sare ya shule au nguo safi waliyo nayo. Baada ya Misa tule pamoja, kila nyumba ilete kikombe cha maharage au unga kwa uwezo wake. Baadhi ya wazazi walikasirika. Walisema, "Tumepoteza nchi, nyumba na mashamba, sasa mnatunyima hata siku moja ya kumpamba mtoto?" Neno hilo ni zito, hatulidharau. Jibu letu ni hili: mpambeni mtoto kwa kusali naye jioni. Hilo halipimwi sokoni, na jirani yako maskini anaweza kulifanya sawasawa na wewe.

Tunamaliza na maombi matatu. Wazazi, msituachie sisi kazi yote. Kanisa linawadai ninyi kwanza, kisha paroko. Wageni wetu wa mashirika, tunaomba madarasa yaachwe wazi Jumamosi alasiri, kwani chini ya mti mvua hututawanya. Na jumuiya zote, tunzeni daftari. Sasa tunaandika kila jina katika madaftari mawili, na mzazi anapewa cheti mkononi. Mtoto akirudi kwao, au akipelekwa nchi ya tatu, asiwe tena mtu wa kutafutiwa shahidi.

Sisi tulifika hapa bila karatasi. Watoto wetu, popote watakapokwenda, waondoke na cheti chao, na imani iliyo ndani yao.