Hotuba ya Mwenyekiti: Utu Uzima Dawa

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi, sanduku letu lingali na kufuli zake tatu.

Leo tunamkumbuka mama mnayemjua nyote hapa Unguja, marehemu Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka wa Mfagimaringo. Mwaka aliozaliwa haukuandikwa. Mwenyewe alikuwa akisema ni zama za rupia.

Basi tuhesabu sisi watu wa fedha. Rupia iliondoka mwaka 1936, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Mwaka 1964 yakaja Mapinduzi, kisha Muungano. Mwaka 1966 ikaja shilingi ya Tanzania. Fedha zikabadilika, serikali zikabadilika, na yeye yupo: anauza hina, anafunda wari unyagoni, anapiga ngoma yake na kuimba. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, Uingereza, akiwa na umri ambao sisi tungemwambia, "Bibi, kaa kitako upumzike." Alifariki tarehe 17 Aprili 2013.

Jamani, tunayasema haya kwa sababu. Mwaka jana mwenzetu mmoja aliomba mkopo wa gunia la mchele na nazi, auze mkate wa kumimina. Tukamnyima. Tukasema, ni mzee huyu, akifa nani atalipa? Na hisa zake alinunua kila wiki tokea siku ya kwanza, hakukosa. Hakujibu kitu, akajitanda kanga yake akaenda zake. Siku ile ile tukamkopesha kijana, na mpaka leo tunamdai.

Kosa ni letu viongozi, na mbele yenu tunamwomba radhi. Tulitazama mvi, hatukutazama daftari.

Kwa hiyo tunaomba mkutano mkuu ulifute sharti la umri. Mkopo upimwe kwa hisa na kwa marejesho, basi. Na mtu akifariki na deni, mfuko wa jamii ubebe, kama unavyobeba sanda.

Wahenga walisema utu uzima dawa. Tukijaaliwa, sote tutauona uzee. Tusijifungie mlango wetu wenyewe.