ADUI WA MSHAHARA WAKO SI MBARA
(Hotuba kwa vijana wa Mji Mkongwe na Ng'ambo)



Maneno ya vijiweni nayasikia, Darajani mpaka Michenzani: "Wabara wametumalizia kazi mahotelini." Basi leo niacheni niseme lisilopendwa. Mbara hakujiajiri. Kamwajiri tajiri, na kamtaka kwa sababu moja: yuko mbali na kwao, anadaiwa kodi ya chumba, akifukuzwa hana pa kulala. Mtu wa namna hiyo hulipwa kidogo akasema ahsante. Nawe ukidai zaidi unaambiwa, wapo kumi nje wanaitaka kazi hii!

Januari 1947 waligoma wafanyakazi wa Mombasa. Septemba mwaka huohuo wakafuata makuli wa Dar es Salaam. Habari zikavuka bahari pamoja na mizigo. Agosti 1948 makuli wa bandari yetu nao wakatua magunia. Bei zilikuwa zimepanda baada ya vita, ujira haukutosha. Wengi wao walikuwa watu wa bara, kiongozi wao Abbas Othman. Ilipoingia Septemba mgomo ulishatoka bandarini, umeenea mjini. Hapo ndipo Mwingereza alipojua kuwa mji huu unasimama juu ya mabega ya watu ambao yeye hakuwa akiwahesabu.

Wala msitishwe kwamba kugoma ni uhaini. Kweli, baada ya Mapinduzi ya 1964 vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa, mambo yao yakawekwa chini ya ASP, na neno mgomo likawa la kunong'ona. Lakini leo haki hiyo imo katika Sheria Na. 1 ya 2005 ya Zanzibar, inayohusu uhusiano kazini. Ina masharti yake: mgogoro upite kwanza kwenye usuluhishi, notisi itolewe, na wa huduma muhimu kama hospitali wana vizuizi vyao. Sawa. Ila kijana wa hoteli ya Nungwi au Kiwengwa, asiye na mkataba wala chama, notisi hiyo ataiandika kwa jina la nani? Na jikoni wakiwemo Wapemba wanne, Waunguja watatu na Wabara watano wasiosemezana, atagoma nani?

Anzieni hapo. Kesho kazini mwulizeni Mbara analipwa ngapi, nanyi mwambieni zenu. Halafu nendeni naye chamani, mkajiandikishe siku moja.