Kwa Land Rover ya Zamani Hadi Rubondo
Hotuba ya Kamati ya Miradi katika mkutano mkuu na harambee ya mwaka



Taarifa ya bweni la wasichana mmeisikia kwa Mhazini, hatutairudia. Sisi tumepewa nafasi ya kuueleza mradi ambao baadhi yenu mmeshaubatiza jina la "mradi wa magari mabovu". Jina tumelipokea. Tunaomba tu mtusikilize kwanza, kisha mcheke.

Mradi wenyewe ni huu. Tunataka kuwachukua wageni mjini Geita kwa Land Rover za zamani, tuwapitishe kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, tuwanyweshe vinywaji vya kwetu kwenye nyumba za watu wetu, na kuwafikisha Kisiwa cha Rubondo. Siku 3, usiku 2. Wageni tunaowalenga kwanza si Wazungu. Ni watu wanaokuja kila mwaka kwenye maonesho ya teknolojia ya madini pale Geita, wakalala hotelini, wakala chipsi, wakaondoka. Ni wahandisi na wakandarasi wa migodini ambao Jumamosi hawana pa kwenda. Na ni watoto wetu wenyewe tuliowalea mijini, ambao Zanzibar wamefika lakini Rubondo wanaisikia kwenye redio.

Kwa nini sasa? Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, lenye urefu wa kilomita 3. Hakuna kati yetu asiyejua kusubiri kivuko pale: jua, foleni ya malori, mgonjwa ndani ya gari. Daraja ni neema, na tunaishukuru Serikali. Lakini kusubiri kule kulikuwa kunalisha watu. Mama aliyekaanga sato, kijana aliyeuza maji na karanga dirishani, walikula kwa sababu gari lilisimama. Sasa gari halisimami. Mtu anatoka Mwanza asubuhi, anaipita Sengerema, anaipita Geita, saa sita yuko mbali huko. Daraja linatuletea watu na linawapitisha kwa mwendo uleule. Lazima tuwape sababu ya kukanyaga breki.

Kuna na jambo la pili, nalo wenzetu wa upande wa Shinyanga wanalijua kuliko sisi. Madini hayakai. Mgodi wa zamani wa Geita ulioanza miaka ya 1930 ulifungwa mwaka 1966, na mji ukakaa zaidi ya miaka 30 ukisubiri mgodi mkubwa wa sasa, uliofunguliwa mwaka 2000. Kahama wameiona Buzwagi ikifunga mwaka 2021. Hatusemi dhahabu iachwe. Wengi tuliomo humu tumesomeshwa na dhahabu, na wengine na almasi ya Mwadui. Tunasema ziwa lilikuwepo kabla ya shimo, na ada za shule hatuwezi kuzitegemezea shimo peke yake.

Sasa magari. Mtu ameuliza kwa nini tusinunue Noah mbili nzuri, tukamaliza. Noah zipo tele barabarani, na hakuna anayelipa zaidi ili apande Noah. Mji wa Havana, kule Cuba, wageni wanalipa fedha nzuri kupanda magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950. Yalibaki kwa sababu baada ya mapinduzi ya 1959 magari mapya ya Marekani hayakuingia tena, na mafundi wa pale wakajifunza kuyafufua kwa kila walichokipata. Sisi tumeishi maisha hayohayo bila kuyatangaza. Na Oktoba 2024, Arusha ilipoita Land Rover za kila umri kwenye tamasha lake, mliona wenyewe barabara zilivyojaa.

Tumeshapata Land Rover mbili, zote 109, za miaka ya 1970, tairi la akiba juu ya boneti kama mnavyozikumbuka. Moja ilikuwa ya misheni, nyingine ilimtembeza bwana shamba wa pamba. Wazee hapa mbele wanatabasamu. Wengine wao mara ya kwanza kupelekwa hospitali walilazwa nyuma ya gari la namna hiyo. Bodi zake ni za alumini, kwa sababu Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita. Ndiyo maana bodi hailiwi na kutu. Kinachooza ni chasisi iliyo chini, usipoinama huioni. Fundi wetu ameinama. Chasisi moja ni nzima, ya pili inahitaji kukatwa na kuchomelewa upya sehemu ya nyuma. Breki zote zinabadilishwa, mipira ya breki yote inabadilishwa, mikanda ya usalama inafungwa kila kiti, viti vya ubavuni vinang'olewa ili abiria watazame mbele. Injini tutaziacha zilivyo. Mlio huo ndio wageni wanaulipia.

Wenye magari ni wanachama na wameyaleta kwa mkataba wa kukodisha. Hawakuyatoa bure, na hatukuwaomba wayatoe bure. Mradi unaoanza kwa kumwonea haya mwenye mali huishia kwenye ugomvi.

Njia tumeipita yote kiangazi, siku 3, mwendo wa kilomita 50 kwa saa panapopitika. Siku ya kwanza ni Geita, Nzera, Nkome na kurudi. Vumbi lipo, hatutawaficha. Lakini ukivuka Nzera unaanza kuona ziwa vipandevipande kati ya vilima, linapotea, linarudi, na pale Nkome linafunguka lote: mitumbwi, dagaa wameanikwa, harufu ya samaki wa moshi, watoto wanaogelea pasipofaa kuogelea.

Vinywaji ndivyo vilivyotuchukulia muda kuliko magari, kwa sababu kila mjumbe alikuwa na vya kwao. Tumekubaliana hivi. Kituo cha kwanza ni nanasi. Nanasi la Geita halihitaji sifa zetu. Linakamuliwa mbele ya mgeni, haliongezwi sukari wala maji. Cha pili ni togwa. Mama tuliyemtembelea anaipika kwa unga wa mtama, anaiacha ipoe, anatia kimea, anaifunika hadi kesho yake. Siku hiyo ya pili ina utamu na uchachu kwa pamoja. Siku ya tatu inaanza kuwa kitu kingine, na anayeijua ataiita jina lingine. Tulimwomba atufungie kwenye chupa za plastiki tubebe. Akakataa. Akasema togwa hainywewi ukiwa unakimbia, anayeitaka aje akae, na kata ipo. Tulibishana naye kidogo, kisha tukaona kwamba ametufanyia kazi yetu: mgeni akikaa nusu saa chini ya mwembe wa mtu atanunua na michembe, atanunua na matobolwa, atauliza habari za nyumba. Kwa hiyo hakuna chupa. Gari ndilo litakalomsubiri mgeni.

Kwa wanaotaka kilicho na nguvu, upande wa Chato tutakuwa na rubisi ya ndizi, na kutoka Bukombe, kwenye misitu yenye mizinga, tutaleta asali ya kutengenezea wanzuki. Gongo haimo. Tumeulizwa na vijana mara tatu, jibu ni lilelile: ni haramu kisheria na imewapofusha watu. Wapishi wote watapita mafunzo ya usafi, maji yatachemshwa, na anayepika kwa maji ya ziwa yasiyochemshwa tutamtoa kwenye orodha hata kama ni shangazi wa Mwenyekiti. Na dereva haonji, hata tone la kumridhisha mpishi. Atakunywa togwa ya jana akifika nyumbani.

Siku ya pili ni Katoro, Chato hadi Muganza, na hapo gari linabaki. Rubondo tutavuka bila magari, na tunadhani ni heri. Kulikuwa na mjadala ndani ya kamati kama tuvukie Nkome, kuna mandhari nzuri zaidi, au Muganza, ambako maji ni mafupi. Tumechagua Muganza. Hatujaisahau MV Bukoba ya 1996, wala MV Nyerere ya Septemba 2018 kule Ukara. Kuna watu ndani ya ukumbi huu ambao hawahitaji kukumbushwa. Boti itakuwa na kibali cha TASAC, kila mtu atavaa jaketi kabla ya kamba kufunguliwa, na upepo ukichafuka tunalala Muganza. Mgeni akikasirika tutamrudishia fedha ya kisiwa.

Na Rubondo yenyewe? Ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977, zaidi ya kilomita za mraba 450 ukijumlisha na maji yake. Kuna nzohe, viboko, mamba, tembo na twiga walioletwa. Simba hakuna, kwa hiyo watu hutembea kwa miguu na mwongozaji. Kuna na sokwe. Mwaka uleule wa 1966 mgodi wa Geita ulipofungwa, Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt alianza kuwashusha kisiwani sokwe waliotoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya. Hadi 1969 walifika 17. Wanyama waliokulia kwenye vizimba waliachiwa msituni, na hakuna aliyewafundisha kutafuta chakula wala kulala juu ya mti. Wakajifunza. Wajukuu wao wapo hadi leo.

Hiyo ndiyo habari inayosimuliwa kwa watalii, na ni nzuri. Lakini ina upande wa pili. Katikati ya miaka hiyo ya 1960, kabla sokwe hawajaingia, watu walitoka. Wavuvi wa Kizinza walioishi Rubondo, Banyarubondo, walihamishiwa visiwa vya jirani na vijiji vya bara. Hatusimami hapa kudai kisiwa. Hifadhi ni ya Taifa, na bila hifadhi msitu ule ungekwisha kuwa mkaa. Tunachosema ni kwamba habari ya sokwe 17 inajulikana hadi Ujerumani, na habari ya watu wale inajulikana kwenye makaburi na kwa wazee wachache waliobaki, ambao mwaka hadi mwaka wanapungua. Wajukuu wa watu hao nao wapo. Baadhi wamo kwenye orodha yetu ya wanachama.

Kwa hiyo tumeweka sharti, na tunaomba mkutano ulipitishe kama sharti la chama, lisiwe la kamati tu. Usiku wa pili, kabla ya kuvuka, mgeni atakaa Muganza na mzee wa ukoo uliotoka kisiwani. Atasikia majina ya ghuba na ya vilima kama walivyoviita wao, atasikia walivyovua kabla ya sangara kuletwa ziwani miaka ya 1950, na mzee huyo atalipwa kama anavyolipwa mwongozaji. Atalipwa ujira, si soda na ahsante. Vijana wawili wa koo hizo watakaa naye kila safari wakirekodi kwa simu. Mgeni asipokuja msimu mzima, kurekodi kutaendelea. Fungu hilo tumelitenga pembeni ya mapato ya safari.

Mapato tutagawa hivi. Kiingilio cha hifadhi ni cha TANAPA, hakitugusi. Baada ya mafuta, matengenezo, madereva na boti, kila mpishi na mwenye nyumba analipwa siku hiyohiyo, mkononi au kwa simu, kwa kila mgeni aliyeketi kwake. Faida inayobaki inaingia kwenye bweni. Tukiona baada ya misimu miwili hakuna faida, tunawarudishia wenyewe magari yao yakiwa na breki mpya, na tunawaambia hapa hapa.

Fedha tunazoomba leo ni za vitu vinne: chasisi na breki, leseni ya TALA pamoja na vibali vya LATRA, majaketi ya kuokolea, na hilo fungu la wazee wa Rubondo. Hisa moja ni shilingi 50,000. Asiye na fedha lakini ana spea za 109 nyuma ya nyumba, tunazihitaji: giaboksi, vioo vya taa, hata milango. Tunajua zipo. Tumeziona zikitumika kuzuia kuku.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Land Rover ya bwana shamba iko nje, imewashwa tangu saa nne kwa sababu ikizimwa leo hatuna hakika nayo. Togwa iko kwenye meza ya ahadi, kulia kwa mlango, na ni ya jana. Tunaomba kuwasilisha.