MWENYE WAYA HAKATAI, ANASEMA "NJOO KESHO"

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya vijana, nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Mada ilikuwa simu. Si simu ya kutamba nayo kijiweni. Ni ule waya, ile nguzo, ule mnara na ule mtaro uliochimbwa barabarani, na swali moja tu: kampuni kongwe inayovimiliki ilazimishwe kuvishirikisha kwa washindani wake, au iachwe ijifungie navyo ndani?

Nianze na laini mbili. Kaka zetu wanakumbuka vizuri, na wengine wenu bado mnazo: simu mbili mfukoni, moja ya mtandao huu, nyingine ya mtandao ule. Haikuwa ufahari. Kupiga ndani ya mtandao wako ilikuwa nafuu, lakini ukithubutu kuvuka kwenda mtandao wa pili, salio linayeyuka kama barafu ya Kariakoo saa saba mchana. Kulikoni? Sababu mojawapo ni hii. Ukimpigia mtu wa mtandao mwingine, kampuni yako inailipa kampuni yake ada kwa kila dakika. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2013, hapa Tanzania ada hiyo ilikuwa zaidi ya Sh. 100 kwa dakika. Machi 2013 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliikata ikawa Sh. 34.92. Ikaendelea kuishusha mwaka hadi mwaka, na mwaka 2022 ikafika Sh. 2. Sh. 2, ndugu yangu! Minara haikuanguka.

Sasa usidhani laini mbili ni ugonjwa wa Mwafrika. Wamarekani waliugua kabla yetu, na dawa waliyoijaribu inatuhusu. Ndiyo maana nawaomba tusafiri kidogo.

Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu mwaka 1876. Hataza mbili kubwa za kampuni yake ziliisha muda mwaka 1893 na 1894, na hapo washindani wakazuka kama uyoga, maelfu yao, mpaka vijijini. Kampuni ya Bell ilifanya nini? Yenyewe ndiyo ilikuwa na nyaya za masafa marefu, zile za kuunganisha mji na mji. Ikakataa kuwaunganisha. Basi katika miji mingi mwenye duka aliweka simu mbili mezani, moja ya kampuni hii, nyingine ya kampuni ile, maana wateja wa huku hawakuweza kuwapigia wateja wa kule. Laini mbili hizo, miaka zaidi ya mia moja kabla ya za kwetu!

Desemba 1913 serikali ya Marekani ilipoanza kuikunjia uso, makamu wa rais wa kampuni hiyo, ambayo sasa iliitwa AT&T, bwana Nathan Kingsbury, aliandika barua ya kukubali kuwaunganisha wale wadogo kwenye nyaya za masafa marefu. Watu wakashangilia. Lakini soma vizuri: waliunganishwa, hawakupewa nafasi ya kushindana. Kila mmoja alibaki mwenye eneo lake, na sehemu kubwa ya nchi ikabaki ya AT&T. Ukiritimba ulivishwa suti ukapelekwa kanisani kubarikiwa.

Na ukiritimba ukishabarikiwa huwa hauna haya. Palikuwa na kampuni ndogo iliyouza kikopo cha kubandika kwenye mkono wa simu ili maneno yako yasisikiwe na jirani. Kikopo tu! AT&T ikapinga, ikidai kinaharibu huduma. Kesi ilikwenda mpaka mahakama ya rufaa, na mwaka 1956 kikopo kikashinda. Nalisema hili kwa sababu kila mara mtamsikia mwenye mtandao akilia kwamba mgeni ataharibu mitambo. Pengine ni kweli. Pengine ni kikopo.

STENDI YA MWENYE BASI

Mwaka 1974 kampuni iitwayo MCI, iliyokuwa ikirusha simu kwa mawimbi ya redio kati ya Chicago na St. Louis, iliishitaki AT&T kwa kuinyima maunganisho. Mwaka huo huo serikali nayo ikafungua kesi yake. Mwisho wake, tarehe 1 Januari 1984, AT&T ikapasuliwa. Yenyewe ikabaki na masafa marefu, na huduma za mitaani zikagawiwa kampuni saba za kanda. Watu waliziita watoto wa Bell.

Lakini ukipasua ukiritimba mmoja vipande saba, kila kimoja kikatawala kanda yake peke yake, umepata nini? Umepata ukiritimba saba. Mambo ya masafa marefu yalichangamka, bei zikashuka, lakini ule waya wa mwisho, kutoka kituo cha simu cha mtaa hadi mlangoni kwa mteja, ulibaki na mwenyewe yule yule.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, kwa hiyo nipe sikio. Fikiria stendi ya mabasi ambayo mali yake ni ya tajiri mmoja, na tajiri huyo naye ana mabasi. Wewe una basi lako, zuri, jipya. Unaambiwa: hukukatazwa biashara, jenga stendi yako. Wapi? Mjini pamejaa, viwanja havipo, na abiria wote wamezoea kwenda pale. Waya wa mwisho ndio stendi. Haiingii akilini kila kampuni ichimbe mtaa ule ule, isimamishe nguzo zake pembeni ya nguzo za mwenzake, mpaka nyumba moja izungukwe na nguzo tano. Hata ikiwezekana, gharama yote atailipa mteja.

Ndiyo maana tarehe 8 Februari 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria mpya ya mawasiliano. Iliwaambia wale wakongwe: muunganisheni kila anayekuja, muuzieni huduma zenu kwa bei ya jumla akauze rejareja, na mkodishieni vipande vya mtandao, kipande kimoja kimoja, ukiwemo waya wa mwisho. Tena kulikuwa na chambo. Mtoto wa Bell atakayethibitisha kwamba amefungua mlango kwa washindani, ataruhusiwa kuingia biashara ya masafa marefu nyumbani kwake. Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ikatunga kanuni ya bei: kodi ihesabiwe kwa gharama za mtandao ambao ungejengwa leo kwa ufanisi. Hasara za kale na uzembe wa miaka yote visiingizwe kwenye hesabu.

Karatasini, mambo safi.

Desemba 1999 Bell Atlantic ya New York ilikuwa ya kwanza kupata ile ruhusa. Imefungua mlango, ikapigiwa makofi. Baada ya muda mfupi kukawa na vilio. Mteja anahama kwenda kampuni mpya, kampuni mpya inatuma maombi kwa mwenye waya, na maombi yanapotea. Hayakukataliwa, yamepotea! Mteja anasubiri, anapiga simu kwa kampuni mpya, anaitukana, anarudi kwa mkongwe. Nani alaumiwe? Mbele ya mteja, mgeni ndiye mzembe.

Machi 2000 kampuni hiyo ikamalizana na Tume kwa kuilipa hazina ya taifa dola milioni 3, na mamlaka ya jimbo ikaitaka iwalipe washindani dola milioni 10. Ukisikia milioni unatetemeka. Usitetemeke. Kampuni ile ilikuwa ikiingiza mabilioni kwa mwaka. Hiyo ni sawa na dereva wa daladala kumwachia trafiki hela ya soda na kuendelea na safari. Mteja mmoja, ofisi ya wanasheria ya New York, akaenda mahakamani. Januari 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwamba sheria ya kupambana na ukiritimba haimpi dai: kazi ya kusimamia ugawanaji ni ya mdhibiti, naye ameshaifanya.

Sitaki mniambie walionewa tu, hapana. Wageni wengine walikuwa wasanii wa kukopa. NorthPoint, Rhythms na Covad, kampuni tatu zilizokodi waya wa mwisho ili ziuze intaneti ya kasi, zote ziliangukia kwenye mufilisi mwaka 2001, na madeni yao hawakuwekewa na mwenye waya. Lakini pima na hili. Kanuni ya bei ya 1996 ilipingwa kortini tangu siku za mwanzo, na Mahakama ya Juu ilikuja kuipitisha Mei 2002. Miaka sita! Mfanyabiashara mwenye mkopo wa benki hawezi kungoja miaka sita kujua kodi ya waya ni halali au si halali. Mwenye waya anaweza, kwa sababu kila siku ya kungoja anaendelea kukusanya.

Mwaka 2003 Tume ikaamua kwamba mkongo mpya unaofika hadi nyumbani usigawanywe kwa masharti yale. Machi 2004 mahakama ya rufaa ikazifuta kanuni nyingine kubwa za ukodishaji, serikali ya Bush ikakataa kukata rufaa, na Julai mwaka huo AT&T, sasa ikiwa yenyewe mpangaji kwenye nyaya za watoto wake, ikatangaza kuacha kutafuta wateja wapya wa majumbani. Mwaka 2005 ikanunuliwa na SBC, mmoja wa wale watoto saba, aliyemmeza mama kisha akavaa jina lake. Januari 2006 Verizon, ambalo ndilo jina jipya la Bell Atlantic, ikaimeza MCI. Mwenye waya hakushinda kwa kukataa. Alishinda kwa kungoja.

NANI ATAJENGA?

Kuna hoja moja ya wakongwe ambayo siwezi kuipuuza. Wanasema: nikijenga leo na kesho nikaamriwa nimgawie jirani, kwa nini nijenge? Na jirani, akijua atapangishwa kwa bei poa, kwa nini ajenge? Ni hoja nzito. Kwa nyaya za shaba za Marekani naiona nyepesi kidogo, kwa kuwa zilijengwa miaka ya ukiritimba, mteja akiwa hana pa kukimbilia, na bei zikipangwa ili mwenyewe asipate hasara. Zilishalipwa. Kwa kitu kipya, mtu ameweka roho yake rehani, hapo kodi lazima imrudishie chake na faida juu.

Lakini kwamba mpangaji hajengi kamwe, Wafaransa wametuonyesha vingine. Umoja wa Ulaya uliamuru waya wa mwisho ukodishwe kuanzia Januari 2001. France Télécom ilijikokota, mdhibiti akaibana, mwaka 2002 akailazimisha ishushe kodi. Mwaka huo huo kampuni ya Free ya Xavier Niel ikaingia na intaneti ya kasi kwa euro 29.99 kwa mwezi, na wengine wakalazimika kuifuata. Mpangaji huyo hakubaki mpangaji. Mwaka 2006 alitangaza kuweka mkongo wake mwenyewe, na Januari 2012 akaingia kwenye simu za mkononi, akianza kwa kuegemea minara ya mkongwe huku akisimamisha yake, na kifurushi cha euro 2. Sheria ya Ulaya na ile ya Marekani zilifanana kwa mengi. Tofauti kubwa ninayoiona mimi ni kwamba kule mdhibiti aliweka bei, akaishikilia.

Turudi nyumbani. Sisi hatuna nyaya za shaba za kugombania, majumba mengi yalirukia simu ya mkononi moja kwa moja. Stendi zetu ni minara na mikongo. Kwa minara tumekwenda vizuri kiasi: Tigo mwaka 2010 na Vodacom mwaka 2013 waliuza minara yao kwa Helios Towers, kampuni isiyouza vocha wala bando, ingawa wauzaji mwanzoni walijiwekea hisa humo. Mwenye stendi hana basi, basi lolote ni mteja wake. Nayo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inazungumzia ugawanaji wa miundombinu waziwazi.

Mkongo wa taifa ndio unaoninyima usingizi. Umejengwa kwa mikopo ya umma, usimamizi wake ukakabidhiwa TTCL, na TTCL hiyo hiyo inauza intaneti kwa wateja. Sisemi kuna hila. Nasema mwenye stendi ana basi, na safari hii tajiri ni serikali, ambayo pia ndiyo inayomteua refa.

Kwa hiyo wewe msomaji, akija mheshimiwa kwenye mkutano wa hadhara akakuambia mkongo ni wa wote, usimpigie makofi haraka. Nyoosha mkono, muulize kampuni ndogo inayotaka kukodi inalipa shilingi ngapi, na bei hiyo imebandikwa wapi mtu yeyote aisome. Muulize ombi likipelekwa Jumatatu, mwisho wa kujibiwa ni siku gani. Na likipotea, kama yale ya New York, nani anatozwa, na kiasi gani.