Moto wa Corsicana na Kalamu ya Mwandishi wa Jinai



Kadhia niliyoichagua jioni hii si ya kwetu, nami nimeichagua kwa sababu hiyo hiyo, maana kesi ya mbali mtu huisikiliza bila ya kuwa na jamaa wa kumtetea wala hasimu wa kumlaani. Asubuhi ya tarehe 23 Desemba 1991, katika mji mdogo wa Corsicana, jimbo la Texas, huko Marekani, nyumba ya mbao ilishika moto, na watoto watatu wa kike, mmoja wa miaka miwili na wawili pacha wa mwaka mmoja, wakafa ndani yake. Baba yao, Cameron Todd Willingham, akatoka hai.

Majirani walisimulia kwanza kwamba walimwona akipiga makelele ya kuwalilia wanawe. Lakini ilipokwisha kuenea habari kwamba yeye mwenyewe ndiye anayedhaniwa kuutia moto ule, maneno ya baadhi yao yaligeuka, kilio kikawa cha unafiki, na kule kuliondoa gari lake karibu na ndimi za moto kukawa hoja ya kumtia hatiani. Sisemi walisema uongo kwa kusudi. Nasema tuhuma ikitangulia, hata kumbukumbu ya mtu mkweli huifuata, na aghalabu gazeti ndilo linaloitangulizia njia.

Wapelelezi wa moto nao waliisoma sakafu iliyoungua, wakaona alama za weusi walizoziita nyayo za mafuta yaliyomwagwa, na vioo vya dirisha vilivyojaa nyufa nyembamba, wakatoa yakini kwamba moto ule ulitiwa. Hayo ndiyo mafundisho ya fani yao, waliyoyapokea mdogo kwa mkubwa bila ya mtu kuyatia katika mtihani. Ilhali mwaka 1990, huko Jacksonville, Florida, nyumba ilichomwa kwa majaribio pasipo kumwagwa mafuta, na kabla ya dakika tano kupita joto likazidi hata chumba kizima kikalipuka moto kwa mara moja, kikaacha sakafuni alama zile zile. Na vioo, ilikuja kudhihiri, hupasuka vile vinapopigwa na maji ya wazimamoto vingali na moto, kama bilauri ya chai ya moto itiwapo maji ya baridi.

Kesi ya mwaka 1992 ilisikizwa kwa siku mbili. Mfungwa mmoja alishuhudia kwamba mshtakiwa alimkiria siri yake gerezani, ushahidi ambao mimi, nawaambia wazi, nisingeukubali hata katika mzozo wa kuku. Kabla ya kesi hiyo Willingham alipewa nafasi ya kukiri na kuponya roho yake kwa kifungo cha maisha, akakataa; akahukumiwa kifo.

Siku chache kabla ya mauti ya Willingham, mwanakemia Gerald Hurst aliwaandikia wenye mamlaka kwamba hakuna ithibati ya moto wa kutiwa. Haikusaidia kitu, na tarehe 17 Februari 2004 Willingham aliuawa kwa sindano ya sumu. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, katika jimbo hilo hilo, Ernest Willis, aliyehukumiwa kifo kwa ushahidi wa moto wa namna ile ile, aliachiwa huru.

Ndipo Desemba 2004 Steve Mills na Maurice Possley wa gazeti la Chicago Tribune walipowauliza wataalamu swali ambalo waandishi walipaswa kuliuliza miaka kumi na tatu kabla: elimu hii imejaribiwa wapi, na nani? Mwaka 2009 David Grann akaifuata kadhia yote hatua kwa hatua katika The New Yorker, na mwaka huo huo Craig Beyler, aliyeajiriwa na tume ya jimbo, akaandika kwamba hukumu ya wapelelezi haikuwa na msingi wa kisayansi.

Basi enyi vijana mnaoingia katika kazi hii ya habari, uacheni uso wa mtuhumiwa, mkamhoji mjuzi aliyeletwa kumshuhudia. Maana mjuzi naye hukosea: mwaka 2013 Texas yenyewe ilitunga sheria ya kufungua upya hukumu zilizojengwa juu ya sayansi iliyobatilika. Hata hivyo, mwaka 2014 bodi yake ya msamaha ililikataa ombi la kumsamehe Willingham baada ya kufa.