Mgombea urais: tuulize umri au tuulize afya?

Ukifika Malambo, kata ya wafugaji iliyo mashariki ya Serengeti katika Wilaya ya Ngorongoro, ukamwuliza mzee ana miaka mingapi, huenda asikupe tarakimu. Atakutajia rika lake. Atakwambia yeye ni Seuri, au ni Makaa, au ni Landisi, na kila aliyeketi karibu atakuwa ameelewa mzee huyo alipita jando enzi zipi, ana haki ya kusema nini barazani, na ni vijana gani wanaopaswa kumnyamazia. Waliofuata ni Korianga, kisha Nyangulo. Tarakimu ni mambo ya kitambulisho cha taifa, na kwa wengi wa wazee wale tarehe iliyoandikwa humo ilikadiriwa mezani na karani aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni.

Nimeanzia huko kwa sababu kila uchaguzi mkuu unapokaribia, huku mijini huzuka mjadala ule ule: huyu mzee mno, yule mtoto mno. Tunagombana juu ya tarakimu kana kwamba tarakimu ndiyo itakayoketi Ikulu. Wenzetu wa Malambo hawahesabu hivyo. Kwao uongozi haumfuati mtu mmoja mmoja na siku yake ya kuzaliwa, bali huwapandisha watu wa rika zima kwa pamoja. Moran anakuwa moran, kisha siku inafika ananyolewa zile nywele ndefu na kuanza safari ya uzee. Hajafukuzwa wala hajashindwa kitu. Zamu ya kushika mkuki imekwenda kwa wengine. Laigwanani huteuliwa angali kijana, akaongoza rika lake na kuzeeka nalo. Rika jipya halimrithi yeye, linateua wa kwake. Wazee wa rika la pili juu yao ndio walezi, wenye kuonya na kubariki, lakini mbio si zao tena.

Sisemi tuchukue utaratibu huo tuupandikize katika Jamhuri. La hasha. Kwanza, laigwanani anaongoza watu wa umri wake, ilhali Rais anaongoza mababu na wajukuu kwa pamoja. Pili, desturi ile haina kiti cha laigwanani kwa mwanamke, nasi tumekwisha kuwa na Rais mwanamke. Tatu, kwa desturi za Kimaasai anayeteuliwa kwa nafasi kubwa za rika hutakiwa awe mkamilifu wa mwili, asiwe na kilema, na hilo nitalirudia baadaye kwa sababu ndipo watu wengi wa mjini wanapokosea, bila hata kuwa Wamaasai.

Sasa tuitazame Katiba yetu. Ibara ya 39 inataka mgombea wa urais awe raia wa kuzaliwa aliyetimiza umri wa miaka 40. Huo ndio mlango wa kuingilia. Mlango wa kutokea kwa umri haupo. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali pale Malambo analazimika kustaafu akifika miaka 60, hata kama bado anakimbia na wanafunzi mchakamchaka. Jaji wa Mahakama Kuu naye ni 60, na wa Mahakama ya Rufani ni 65. Anayewateua majaji hao anaweza kuwa na miaka 90, na Katiba haina neno.

Na huo mlango wa kuingilia nao una maajabu yake. Sensa ya mwaka 2022 ilitupata Watanzania zaidi ya milioni 61, na zaidi ya robo tatu yetu tuna miaka 35 au chini ya hapo. Maana yake sehemu kubwa kabisa ya taifa hairuhusiwi hata kuomba fomu ya urais. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere alimteua Edward Moringe Sokoine, Mmaasai wa Monduli, kuwa Waziri Mkuu akiwa na miaka 38. Hakuna aliyesema nchi imekabidhiwa kwa mtoto. Mwalimu mwenyewe aliongoza nchi katika Uhuru wa mwaka 1961 akiwa na miaka 39. Kwa kipimo cha ibara ya 39, wote wawili wangeambiwa wasubiri kidogo.

Kwa nini basi hatukupata wazee wa kupindukia Ikulu? Tumekingwa na ukomo wa vipindi viwili. Mwalimu aling'atuka mwaka 1985 akiwa na miaka 63, kwa hiari yake. Mzee Mwinyi akaondoka mwaka 1995 na miaka 70, Mkapa mwaka 2005 na miaka 67, Kikwete mwaka 2015 na miaka 65. Ukomo wa vipindi ulifanya kazi ya ukomo wa umri bila kumtukana mtu kwamba amezeeka. Huo, kwa maoni yangu, ndio uliokaribia hekima ya rika: zamu imekwisha, mpishe mwingine.

Majirani zetu wa Uganda walikuwa na vyote viwili. Katiba yao ya mwaka 1995 iliweka vipindi viwili, na ikaweka umri wa mgombea kati ya miaka 35 na 75. Mwaka 2005 wakaondoa ukomo wa vipindi. Ukabaki uzio mmoja, ule wa umri. Desemba 2017, baada ya wabunge kurushiana viti ukumbini miezi mitatu nyuma, Bunge likauondoa na huo kwa kura 315 dhidi ya 62. Suala likafika Mahakama ya Juu, ambako Aprili 2019 majaji wanne walikubali na watatu wakakataa. Rais Museveni, aliyezaliwa mwaka 1944, akaruhusika kugombea tena mwaka 2021. Anayesema ukomo wa umri ni ubaguzi dhidi ya wazee ana hoja, lakini na aulize kwanza ni nani aliyefaidika ulipoondolewa.

Hata hivyo, wasikilizaji, umri peke yake ni shahidi dhaifu. Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alifariki Juni 2020 akiwa na miaka 55. Bingu wa Mutharika wa Malawi alianguka kwa moyo Aprili 2012 akiwa na miaka 78, na wananchi wake wakakaa siku mbili wakibahatisha kabla ya kuambiwa rasmi. Mmoja tungemwita kijana, mwingine mzee. Na Mwinyi wetu, aliyestaafu na miaka 70, aliishi hadi Februari 2024, akakaribia kutimiza miaka 99.

Kwa hiyo twende kwenye afya, na hapa naomba tuzungumze bila kumkosea heshima marehemu yeyote. Mnakumbuka kampeni za mwaka 2015. Mji mzima ulikuwa ukinong'ona kuhusu afya ya Edward Lowassa. Watu walitazama mkono wake, wakatazama mwendo wake, wakahesabu dakika alizohutubia. Upande wa pili, John Magufuli akapiga pushapu jukwaani na umati ukashangilia. Ujumbe ulieleweka kwa kila mtu, na nakiri ulikuwa ujumbe wa kuvutia. Magufuli alishinda kwa asilimia 58. Machi 17, mwaka 2021, tukatangaziwa kwamba amefariki kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 61. Tukaelezwa pia kwamba moyo huo ulikuwa ukimsumbua kwa zaidi ya miaka kumi. Lowassa alifariki Februari 2024.

Nayasema haya kuonyesha kwamba sisi wapiga kura tulikuwa waganga wasio na vipimo. Tulitazama misuli, tukaacha moyo. Ni kosa la wale wanaodai kiongozi awe mkamilifu wa mwili. Mwai Kibaki aliapishwa pale Uhuru Park Desemba 2002 akiwa katika kiti cha magurudumu, mguu umefungwa, shingo imeshikizwa, kwa sababu ya ajali ya gari wiki chache nyuma. Akatawala miaka kumi. Franklin Roosevelt wa Marekani alipooza miguu mwaka 1921 na bado akachaguliwa mara nne. Miguu haikumzuia kuongoza vita vya dunia. Kilichomwua Aprili 1945 ni maradhi ambayo wapiga kura wa mwaka 1944 hawakuelezwa ukubwa wake. Kilema kinaonekana, na kinachoonekana watu wanaweza kukipima. Hatari iko kwenye kilichofichwa.

Mtoto wa Malambo akichaguliwa kwenda shule ya bweni, hupewa fomu ya daktari. Apimwe macho, apimwe damu, daktari apige mhuri, vinginevyo mwalimu anamrudisha getini. Anayetaka urais anatakiwa kuleta wadhamini wasiopungua 200 katika kila mkoa, mikoa isiyopungua kumi, miwili kati yake ikiwa ya Zanzibar. Saini zisizopungua elfu mbili za watu wasiomjua, na hakuna hata saini moja ya daktari anayemjua!

Napendekeza nini? Bodi ya madaktari isiyoteuliwa na Serikali wala chama, impime kila mgombea urais, kisha itangaze jambo moja tu: je, mtu huyu kwa hali aliyo nayo leo anaweza kubeba kazi hii miaka mitano? Wapo watakaosema maradhi ni siri ya mtu. Ni kweli, ndiyo maana sitaki orodha ya vidonge vyake ibandikwe ukutani. Wapo pia watakaosema bodi hiyo itatumika kuwakata wapinzani, na hofu hiyo mimi naiheshimu kuliko ile ya kwanza, maana tumeona wagombea wakienguliwa kwa makosa madogo ya fomu. Kwa sababu hiyo bodi isiwe na uwezo wa kumwondoa mtu. Iseme, wananchi waamue. Chama cha ACT-Wazalendo kilipotangaza Januari 2021 kwamba Maalim Seif, mwenye miaka 77, anaugua korona, hakuna aliyemdharau. Alipofariki Februari 17, watu walilia, lakini hawakuwa wameachwa gizani.

Na hakuna aibu katika kusema nimechoka. Nirudi kwa Sokoine. Novemba 1980 aliacha uwaziri mkuu kwa sababu za afya. Cleopa Msuya akashika kiti. Februari 1983 Sokoine akarejea pale pale, na miezi yake kumi na minne iliyofuata, hadi ajali ya Dakawa ya Aprili 12, 1984, ndiyo ambayo watu hadi leo wanaizungumza. Aliyekaa kando akiumwa hakupoteza kitu.

Lakini Waziri Mkuu ana bosi wa kumwomba ruhusa. Rais hana. Ibara ya 37 inasema Baraza la Mawaziri likiona Rais hawezi kazi kwa maradhi ya mwili au akili, laweza kumwomba Jaji Mkuu athibitishe. Jaji Mkuu ataunda bodi ya madaktari wasiopungua watatu, na wakithibitisha, Spika anapelekewa hati. Utaratibu mzuri, ila umeanza na watu wabaya kwa kazi hiyo. Wabaya si kwa tabia, ni kwa nafasi yao: kila waziri ameteuliwa na Rais na anaweza kutenguliwa naye jioni hiyo hiyo. Nani atakuwa wa kwanza kuinua mkono akasema mkubwa haponi? Mwaka 2021 Rais alionekana hadharani mara ya mwisho Februari 27. Machi 12 Waziri Mkuu aliwaambia wananchi kule Njombe kwamba Rais yupo na anachapa kazi. Polisi wakakamata watu kadhaa kwa kusambaza habari kwamba anaumwa. Siku tano baadaye tukatangaziwa msiba.

Mtu wa Malambo jambo hili linamhusu kuliko anavyodhani mtu wa Kariakoo. Oktoba 2022, kilomita za mraba 1,500 za nyanda za malisho katika tarafa za Loliondo na Sale zilifanywa pori la akiba kwa tangazo la Rais. Ukubali uamuzi ule au uukatae, ni saini ya mtu mmoja iliyoamua ng'ombe walishwe wapi. Mwenye ng'ombe ana haki ya kujua kwamba aliyeshika kalamu ni mzima, anasoma mwenyewe anachotia saini, wala hasomewi na watu walio mlangoni.

Wakenya walilitengeneza hili katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 144. Mbunge yeyote akiungwa mkono na robo ya wenzake anaweza kuleta hoja ya kuchunguza uwezo wa Rais wa mwili au akili. Hoja ikipita, Jaji Mkuu anaunda jopo ndani ya siku saba: madaktari watatu, wakili mmoja, na mtu mmoja anayependekezwa na Rais mwenyewe au jamaa yake. Jopo lina siku kumi na nne za kutoa taarifa. Sisi tunaweza kuanza na sentensi moja tu katika ibara yetu ya 37, baada ya maneno "Baraza la Mawaziri": "au Bunge".

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitazungumzia vyeti vya kuzaliwa na wale wanaokadiriwa mezani.