Karatasi za Kutunza na Karatasi za Kukata

Hotuba ya Kamati ya Jamii, iliyosomwa Omugo mbele ya wakazi, wenyeji na wafanyakazi wa mashirika katika matayarisho ya sikukuu za mwisho wa mwaka

  Wakalimani wamekaa kati yenu, ili asiyesikia Kiswahili vizuri apate maneno haya kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kikakwa na kwa Kilugbara.

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mgao wala juu ya visima. Tumekuja kuzungumza juu ya mapambo ya karatasi tunayoyatengeneza kwa mikono yetu wakati wa sikukuu: kwa nini tunayatengeneza, namna ya kuyatengeneza, na kosa moja ambalo sisi wanakamati tulilifanya, na ambalo hatutaki lirudiwe.

Ndugu zetu, Omugo ilifunguliwa Agosti 2017 kama nyongeza ya makazi ya Rhino Camp, wakati watu walikuwa bado wanavuka mpaka kutoka Sudan Kusini. Krismasi ya kwanza ilitukuta chini ya maturubai. Tuliimba, tukasali, tukalala. Hakuna aliyefikiria kupamba, maana wengi wetu hatukuwa hata na mlango wa kutundikia kitu. Lakini watoto waliozaliwa mwaka ule wamekwisha kuwa wanafunzi. Hawaijui Yei, wala Kajo Keji, wala Juba. Sikukuu wanazozijua ni za hapa. Tukiziacha zipite kama siku nyingine yoyote, watoto hawa watakuwa watu wazima wasio na sikukuu ya kuikumbuka.

Wako waliotuuliza: mtu anapambaje nyumba isiyo na chakula? Swali hilo ni la haki, na hatulikwepi. Mwaka 2020 mgao wa chakula ulipunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2021 ukashuka hadi asilimia 60 ya kiasi kamili. Mwaka 2023 tukagawanywa katika makundi, wengine wakapata zaidi, wengine pungufu, wengine wakatolewa kabisa. Kila nyumba inajua hesabu hiyo kuliko sisi. Pambo halishibishi mtoto, na hatusemi kwamba linashibisha. Tunachosema ni kwamba pambo la karatasi halichukui kitu sufuriani, ila vijiko viwili vya unga wa muhogo kwa ajili ya gundi ya mtaa mzima. Ingelikuwa ni jambo la kununua, tusingelileta hapa.

Sasa tuseme kosa letu.

Mwaka mmoja, wiki mbili kabla ya Krismasi, tuliwatangazia watoto wa mtaa mmoja: kila mmoja alete karatasi kutoka nyumbani. Tulidhani wataleta madaftari ya zamani. Mtoto mmoja wa miaka saba alifungua sanduku la mama yake, akatoa karatasi nyeupe, safi, yenye picha na mhuri. Ilikuwa nzuri kuliko zote zilizoletwa siku ile, na nyota aliyoikata ilikuwa nzuri kuliko zote. Tuliisifu. Tukaitundika mbele, mahali pa kuonekana. Jioni mama alikuja kutazama kazi ya mwanawe, ndipo akaiona nusu ya uso wake kwenye ncha ya nyota. Ilikuwa ni barua ya usajili wa familia.

Mama yule alikwenda kueleza, akarudi, akaenda tena. Barua nyingine ilipatikana, lakini mgao wa mwezi ule ulimpita. Majirani walimchangia mahindi na maharage, kikombe kwa kikombe. Mtoto hakupigwa. Mama alisema mbele yetu, "Huyu alitumwa." Alisema kweli, na waliomtuma ni sisi. Tulimwomba radhi siku ile, na tunamwomba tena leo hadharani. Yeye ndiye aliyeturuhusu kulieleza jambo hili, ili mwingine asiumie.

Kwa hiyo somo la kwanza la mapambo si mkasi. Ni kuchambua. Mkimbizi ana karatasi za kutunza na karatasi za kukata.

Karatasi za kutunza ni barua ya usajili, kadi ya chakula, kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, hati yoyote ya kiwanja, barua na picha kutoka nyumbani, na vitabu vya dini vya kila dhehebu. Zifungwe katika mfuko wa plastiki, ziwekwe juu, mbali na mvua, mchwa, panya na mikono ya watoto. Daftari ambalo mtoto bado analitumia nalo ni la kutunza. Mtihani kwanza, mnyororo baadaye.

Karatasi za kukata ni madaftari yaliyojaa ambayo mwalimu amekubali yamekwisha kazi, magazeti, kalenda za miaka iliyopita, mabango ya kampeni zilizokwisha, maboksi ya sabuni na ya biskuti. Mfuko wa saruji pia unafaa, lakini mtu mzima aukung'ute mbali na watoto, kwa kuwa vumbi la saruji huunguza macho na kuumiza kifua. Tabaka la ndani linaloshika saruji litupwe. Litumike lililo safi.

Tangu kosa lile tuna kanuni moja: kikapu kimoja, mtu mzima mmoja. Kila karatasi hupitia mkononi mwake kabla mkasi haujaigusa.

Baada ya kuchambua, kazi yenyewe ni nyepesi. Tutaieleza polepole ili walimu na viongozi wa vijana waiandike.

Gundi. Koroga vijiko viwili vya unga wa muhogo katika maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe. Mimina katika kikombe kimoja cha maji yanayochemka, ukikoroga mpaka uji uwe mzito na uanze kung'aa. Ipoe. Gundi hii hukaa siku mbili au tatu, kisha huchacha. Ifunike usiku, kwa sababu panya na mende huipenda.

Rangi. Maua makavu ya karkade, yaleyale ya kunywa, yakichemshwa katika maji machache hutoa nyekundu. Ukitia matone ya ndimu, nyekundu hukolea. Ukitia maji ya majivu yaliyochujwa, hugeuka ikaelekea buluu au kijani. Watoto hufurahia mageuzi hayo kuliko pambo lenyewe, na mwalimu wa sayansi anaweza kuyafanya somo. Manjano hutoa rangi ya njano, na mkaa uliosagwa hutoa nyeusi.

Mnyororo. Karatasi moja ya daftari hukatwa vipande vinane, kila kimoja upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 20 hivi. Gundisha ncha mbili za kipande cha kwanza upate pete, pitisha cha pili ndani yake, gundisha, uendelee. Daftari la kurasa 64 lina karatasi 32, na karatasi 32 hutoa pete 256. Pete hizo zikiungwa hufika karibu mita 15. Tukul yenye upana wa mita 4 huzungukwa ndani kwa mita 12 na nusu. Basi daftari moja lililokwisha kazi hupamba nyumba moja, na kinachosalia huning'inizwa mlangoni.

Nyota. Chora duara kwa kufuata ukingo wa sahani, ukate. Kunja katikati upate nusu duara. Nusu hiyo ikunje mara tatu, kama mtu anavyokunja chapati, kisha kunja tena katikati. Sasa kata kwa mkasi mara moja tu, kwa mshazari. Ukifungua utaona ncha sita. Asiyekunja mara ya mwisho atapata ncha tatu, na watoto watamcheka.

Mti. Hapa tunawaomba mtusikilize vizuri. Msikate miti kwa ajili ya Krismasi, wala tawi la mwembe, wala la shea, wala mche uliopandwa. Tunapika kwa kuni, na kila mwaka wanawake huenda mbali zaidi kuzitafuta. Wenyeji wametupa ardhi, na ugomvi mwingi kati yetu nao umeanzia kwenye mti mmoja. Wazee wa Terego, ambayo hadi mwaka 2020 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua, wanajua ukimbizi: baada ya mwaka 1979 wengi wao walikimbilia Sudan na Zaire, na wako miongoni mwetu waliowapokea. Tusilipe wema huo kwa shoka. Chukua boksi, kata pembetatu mbili zinazolingana. Moja ipasuliwe katikati kutoka kilele hadi nusu, nyingine kutoka chini hadi nusu, zichomekane. Mti utasimama wenyewe, na mwakani utasimama tena.

Taa. Tengenezeni taa za karatasi kwa Krismasi au kwa Ramadhani, lakini msitie mshumaa ndani, hata kidogo. Desemba ni kiangazi, nyasi za paa zimekauka, na upepo haungoji mtu achote maji. Wala msichome mabaki pamoja na kavera karibu na nyumba. Mabaki ya karatasi yasiyo na plastiki yatieni katika shimo la mboji.

Sikukuu si za Wakristo peke yao. Mnyororo uleule utapamba siku ya Idi, siku ya kufunga shule, na Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Siku ile ya Juni tutazame mawingu kwanza, maana mvua ya Juni na karatasi si marafiki.

Wanawake wengi hutuuliza kama kazi hii inaweza kuleta fedha. Tuwaambie tunachokijua. Wanawake Waacholi waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda wakafika Kampala, wakaishi Banda na kuponda mawe machimboni, walitengeneza shanga za karatasi. Hukata magazeti na kalenda kwa pembetatu ndefu, huzungusha kila moja juu ya sindano au kijiti kuanzia upande mpana, hugundisha ncha, hupaka vanishi na kuzianika. Kuanzia mwaka 2004 shirika la BeadforLife lilianza kununua shanga za wanawake wa Kampala na kuziuza Marekani. Kwa hiyo inawezekana. Lakini angalieni vizuri: palikuwa na mnunuzi. Shanga bila mnunuzi ni karatasi iliyozungushwa. Hatumwahidi mtu soko ambalo hatujaliona. Anayetaka kujifunza ajifunze kwa ajili ya shingo ya binti yake kwanza.

Sasa neno letu kwa wafanyakazi wa mashirika, kwa heshima. Tunaomba mambo matatu. La kwanza, msitupe mabango na maboksi, tuleteeni. La pili, mkituletea karatasi za ofisini zilizochapwa upande mmoja, zichambueni kama sisi tunavyochambua. Karatasi yenye majina yetu, namba zetu au habari za ugonjwa wa mtu isije ikawa bendera juu ya mlango wa jirani yake. La tatu, mkitaka kufundisha kazi ya mikono, njooni na habari ya soko pamoja na habari ya gundi. Mikasi tunaihitaji pia, ile ya watoto yenye ncha butu, maana kwa sasa mitaa huazimana.

Kwa wazazi, tunaomba saa moja tu. Kaeni na watoto wakati wanakata. Kwa vijana, tunaomba subira na wadogo zenu. Kwa watoto, tunaomba jambo dogo: kabla hujakata, uliza.

Mwisho, ndugu zetu, mkipita pale pa mapambo mtamwona mama amekaa kando ya kikapu, anageuza karatasi moja moja, mbele na nyuma. Hasomi. Lakini mhuri anaujua, na hakuna karatasi yenye mhuri iliyopita mkononi mwake tangu aanze kazi hiyo. Alijitolea mwenyewe. Mwanawe ndiye anayewafundisha wenzake kukata nyota.

Tunawatakia wote sikukuu za amani.